Treni Tuliyoizuia Bir Sidra

Benchi letu ni la mbao, la daraja la pili. La daraja la kwanza lilichomwa mwaka ule wa theluji, watu wakapashia moto mikono. Liko stesheni ya Bir Sidra, penye reli ya tawi inayoshuka kutoka mgodini kwenda kuungana na njia kuu huko bondeni. Mbele ya benchi kuna jukwaa ambapo akina mama huanika pilipili za kusagia harisa. Mbele ya pilipili kuna reli, na juu ya reli kuna hema letu, kamba zimefungwa kwenye mataruma, na kitambaa kirefu cheupe kimeandikwa TUNATAKA KAZI. Herufi nimezichora mimi, maana shahada ya uhandisi wa madini lazima imfae mtu kwa jambo moja duniani. Nyuma ya hema tumekifunga kwa mnyororo kiberenge cha Neji, kile chenye injini ya pikipiki, ili kitu chochote kisipite kwenye reli, kikubwa wala kidogo. Ufunguo wa kufuli nakaa nao mfukoni, maana mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya sitini na moja tangu tukae. Novemba, baada ya alasiri, upepo unatoka mlimani kama una kesi na sisi, korongo limefurika tangu juzi na kukata njia ya magari, na ndani ya mdila palibaki vikombe vitano, labda sita.

Idhaa: Nawaambieni wanaogopa. Serikali ikinyamaza siku sitini na moja, ujue imeshikwa pabaya.

Methali: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Idhaa: Leo umepatia.

Methali: Ndiyo maana mke wangu hasemi nami tangu Ijumaa.

Idhaa jina lake Belgasem. Ndiye mpishi wa kahawa, ndani ya chumba kilichokuwa cha kusubiria abiria, na redio yake haijazimwa tangu betri zilipovumbuliwa. Methali ni Khemais kinyozi. Ana mkasi, ana kioo, wateja hana, kwa hiyo ananyoa methali.

Wa tatu pale benchini ni Ami Tijani. Yeye tunamwita Tiketi. Alikuwa mkuu wa stesheni enzi za abiria. Abiria walipoondolewa, yeye alisahauliwa kama mwavuli. Akaendelea kuishi kwenye nyumba ya stesheni na kofia yake, saa yake ya mnyororo na bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Kabla hatujakaa alikuwa na ndevu za wiki tatu na kanzu ya kulalia mpaka adhuhuri. Tulipopiga hema akaanza kunyoa kila siku. Kofia akaipiga brashi.

Saa kumi kamili, akaitoa saa.

Tiketi: Ya saa kumi imechelewa.

Tukacheka. Kila siku anasema hivyo na kila siku tunacheka. Watu wasio na kazi hawatupi kichekesho kikiwa bado kina miguu.

Niseme ukweli jinsi tulivyoanza. Nina miaka saba tangu nipate shahada yangu. Mgodi uko pale juu, ukiamka unaukohoa, ukilala unaukohoa, na kila wanapoajiri, majina yanatoka kwenye mfuko wa shemeji ya mtu. Septemba redio ya Belgasem ikasema kuna vijiji vimekaa juu ya reli, treni ya mawe ikakwama, na siku ya kumi tume ikaja na kalamu. Basi. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshachimba mashimo ya nguzo. Wasomi kumi na mmoja, shahada kumi na tatu, maana wengine tulirudia ujinga mara mbili. Mwenye njaa haulizi sufuria ni ya nani.

Methali: Mimi nilichopata ni suruali. Siku ya kwanza tu nimekaa kwenye reli, suruali yangu ya Idi ikaingia rangi kama mkono wa bibi harusi. Mke wangu ameifua mara nne.

Mimi: Mapinduzi yana gharama, Khemais.

Methali: Basi mapinduzi yaninunulie suruali. Mchuma janga hula na wa kwao.

Idhaa: Sikilizeni, acheni suruali. Mnajua kwa nini hawaji kuongea nasi? Ni mkataba. Mfaransa alipoijenga reli hii aliandika mkataba wa miaka tisini na tisa. Umeisha mwaka huu. Sheria inasema mkataba ukiisha, reli ni ya yeyote atakayekutwa amekaa juu yake.

Mimi: Sheria gani hiyo?

Idhaa: Sheria ya kukaa.

Methali: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa hiyo mimi ni mmiliki?

Idhaa: Wewe una taruma moja. Hilo ulilokaa.

Tiketi: Mfaransa hakujenga kwa ajili ya mawe, msidanganyane. Mawe yalikuja baadaye. Alijenga kwa ajili ya nyasi. Halfa. Babangu aling'oa halfa mlima huo wote, viganja vikawa kama nyayo. Wanafunga mizigo, wanapima, wanapakia hapo zinapoanikwa pilipili, inashuka mpaka bandarini, inavuka bahari, Waingereza wanatengeneza karatasi.

Idhaa: Umeona? Umeona? Karatasi. Na noti ni nini? Noti ni karatasi.

Mimi: Unakwenda wapi, Belgasem?

Idhaa: Nakwenda hapa: hela zote za Waingereza zilichapwa juu ya nyasi zetu. Serikali yetu ikija kuongea nasi, mimi na wewe, tutaigusa habari ya nyasi. Tukigusa nyasi, Muingereza anaguswa. Ndiyo maana kimya. Wanaongea huko huko Landani kwanza, halafu waje.

Methali: Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Hiyo nayo ilikaribia kukaa mahali pake, tukamtazama kwa wasiwasi.

Ndipo Neji akaja. Hakukaa. Alichukua kikombe akasimama nacho, mgongo kwenye ukuta, koti limefungwa mpaka shingoni. Neji ana shahada ya elimu ya viungo. Alipokosa kazi alichukua pikipiki iliyokufa, akaivua injini, akaunda kiberenge cha mbao chenye magurudumu manne ya chuma, na kwa miaka miwili ndicho kilikuwa usafiri wa Bir Sidra. Kondoo wa kwenda mnadani, mapipa ya mafuta ya zeituni, bibi harusi mmoja na kabati lake, wagonjwa, na maiti pia, maana makaburi yako upande wa pili wa korongo na hakuna njia iliyonyooka kama reli. Kilomita tisa mpaka barabara ya lami, dakika ishirini na tano. Siku tulipokaa, yeye mwenyewe ndiye alikileta kiberenge akasema kifungwe. Akasema, tukizuia tuzuie.

Neji: Si Lasaad, naomba neno.

Kuniita "Si", yaani bwana, ujue kuna jambo. Siku zote ananiita mbwa.

Mimi: Sema, khuya, ndugu yangu.

Neji: Mama. Mguu umeanza kuwa mweusi. Nimepiga simu hospitali ya mkoa, wamesema kesho saa moja asubuhi awe mlangoni. Teksi ya mwisho inaondoka barabarani saa kumi na moja na nusu. Korongo limejaa. Punda havuki daraja la reli, miguu itazama katikati ya mataruma. Nifungulie kiberenge. Namfikisha, narudi, unafunga tena.

Mamake Neji ni Halati Mbarka, mama mdogo wa kijiji kizima, ana sukari, ana kidonda kwenye mguu wa kulia. Kila Jumanne kiberenge kilikuwa kinampeleka zahanati ya barabarani kubadilishiwa bandeji. Tulipofunga, akaenda kwa punda mara tatu, halafu akaacha. Alituambia mwenyewe, amekaa kizingitini, mguu juu ya ndoo: "Msifungue kwa ajili yangu, wanangu. Kaeni mpate kazi." Nami nikambusu kichwani na ufunguo uko mfukoni.

Mimi: Neji, tulipiga kura.

Neji: Najua tulipiga kura. Nilinyoosha mkono.

Mimi: Tulisema hakipiti kitu. Kikipita kiberenge leo, mtu atapiga picha, kesho wataandika reli ya Bir Sidra iko wazi, hakuna kizuizi, hakuna madai. Siku sitini na moja zinakwenda na maji.

Neji: Nani atapiga picha? Mbuzi?

Mimi: Wana watu wao. Tumebakiza kidogo. Nina hakika wiki hii wanakuja.

Nilikuwa na hakika. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuwa nasema uongo.

Methali: Samaki mkunje angali mbichi.

Neji: Khemais, ukimtaja mama yangu na samaki nitakupiga.

Idhaa akammiminia kahawa ambayo hakuiomba. Kwetu mtu akikosa la kusema humimina.

Idhaa: Mimi naona tume iko njiani. Nitawaambia siri. Sikutaka kusema kwa sababu ya usalama. Vita vile vya Wajerumani, treni moja ilipanda hapa na behewa limefungwa kwa mihuri ya risasi pande zote. Likaingia kwenye handaki la Kilomita Ishirini na Nne. Halikutoka.

Methali: Halikutoka wapi?

Idhaa: Kwenye handaki. Limo humo mpaka leo. Dhahabu. Serikali inajua. Ikija kuongea nasi lazima iseme reli ina thamani gani, na ikisema thamani lazima ihesabu handaki.

Tiketi: Nilikuwa mtoto. Yaliingia mabehewa saba, yakatoka sita.

Mimi: Ami Tijani, ulizaliwa vita vimeisha.

Tiketi: Nilikuwa mtoto mdogo sana.

Idhaa: Na sasa Mchina ameiona kwa setilaiti. Dhahabu inaonekana nyekundu. Halafu kuna habari kwamba treni yenyewe haijaacha kupita. Inapita chini.

Methali: Chini ya nini?

Idhaa: Chini yetu. Wamechimba. Ndiyo maana hawana haraka. Juzi nilikuwa nimelala hemani, godoro likatetemeka.

Methali: Hayo ni maharage.

Tukacheka, Neji hakucheka. Alimaliza kahawa kwa mkupuo, akakigeuza kikombe chini juu ya benchi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na uwezo nacho:

— Nimbebe mgongoni, Lasaad? Kilomita tisa?

Nilitazama hema. Nikajiambia, kumi na mmoja sisi, mama mmoja. Elimu ndivyo inavyomfanya mtu: anajifunza kuhesabu, halafu anahesabu watu.

Tiketi: Mbona kuna mtu anakuja juu ya reli?

Kweli. Mwanamke kijana, begi mgongoni, sanduku dogo mkononi, anakuja kutoka upande wa barabara, anakanyaga reli yenyewe kwa mizani kama mtembea kamba, pengine kwa sababu mataruma yetu hayana nafasi sawa na hatua ya binadamu. Akafika kwenye hema, akalizunguka kwa adabu, akapanda jukwaani akiruka pilipili.

Mgeni: Salaam alekum.

Sote: Alekum salaam.

Methali: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni: Naitwa Emna. Mimi ndiye mwalimu mpya wa shule. Teksi imenishusha barabarani, wakaniambia korongo limejaa, nifuate reli.

Idhaa: Karibu, mwalimu. Kaa. Kahawa ipo, ya mwisho mwisho.

Akakaa kwenye ncha ya benchi, akaanza kufuta viatu. Vilikuwa vya mpira, vyeupe, vipya, vya siku ya kwanza kazini. Nyayo na pembeni vyote vimekuwa na rangi ya kahawia nyekundu. Akasugua kwa kidole, haikutoka. Nikamwonea wivu, nisifiche. Yeye ana kazi. Umri wangu, au chini.

Emna: Naomba kuuliza jambo. Njiani nimeona watoto wawili wanatembea relini na mikoba. Ndiyo njia yao ya shule?

Idhaa: Ndiyo njia ya kila mtu.

Emna: Basi niambieni ratiba, niwakataze saa hizo. Treni inapita saa ngapi?

Idhaa: Haipiti, mwalimu. Tumeizuia. Siku ya sitini na moja leo.

Alisema kwa fahari, kidole kikionyesha kitambaa changu. Emna akasoma herufi, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Emna: Nimeelewa. Lakini mkikubaliwa itarudi. Kabla hamjaizuia ilikuwa inapita saa ngapi? Ya mwisho ilipita lini?

Idhaa: Ya mwisho... Ilipita pale kabla hatujakaa.

Emna: Siku hiyo hiyo?

Idhaa: Siku hiyo hapana. Kabla kidogo. Khemais, si ulisema uliisikia?

Methali: Mimi? Niliisikia siku ya harusi ya binti wa Salha. Ilipiga honi ndefu.

Idhaa: Honi ile ilikuwa ya lori la bwana harusi. Nilikuwa ndani.

Methali: Basi mwaka ule wa zeituni nyingi. Ilitikisa kioo changu.

Idhaa: Mwaka wa zeituni nyingi ni mwaka wa nne huu. Na kioo chako kilitikiswa na tetemeko, redio ilitangaza.

Methali: Wewe uliiona lini?

Idhaa: Mimi napika kahawa, sitazami nje. Nilidhani inapita usiku.

Methali: Hata mimi. Nilidhani nyinyi mnaisikia.

Emna akageukia kwangu. Wote wakageukia kwangu, mimi ndiye mwenyekiti. Nilikuwa natazama viatu vya mwalimu.

Nimesoma chuma muhula mzima. Reli inayopitiwa na treni hung'aa kichwa chake kama kisu kilichonolewa. Iache wiki chache, inabadilika rangi. Iache miaka, inampaka mtu. Ile suruali ya Idi ya Khemais. Siku ya kwanza, saa ya kwanza. Na yangu pia. Mama yangu aliiloweka kwa ndimu akinilaani. Nikakumbuka jinsi reli ilivyokuwa siku ile: kutu pande zote, na juu yake mstari mmoja mwembamba unaong'aa, mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Ulikuwa wa magurudumu ya kiberenge.

Neji: Mimi nimeendesha juu yake miaka miwili. Sijawahi kuipisha treni. Hata siku moja.

Mimi: Mbona hukusema?

Neji: Hukuniuliza. Nami nilikuwa namuuliza mwenye stesheni yake. Kila asubuhi, kabla sijaondoka: Ami Tijani, njia iko wazi? Ananinyooshea bendera ya kijani. Nikasema, mzee ana ratiba.

Sasa macho yote yakawa kwa Tiketi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatazama mashapo yake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Emna: Ami, wewe ndiye mkuu wa stesheni? Ilipita lini?

Upepo ukapiga kitambaa, kikapapatika. Tiketi hakuinua uso. Mwalimu maskini alidhani hakusikia, akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa upole kabisa, jinsi watu wanavyouliza wazee.



Neji alinyoosha mkono, kiganja juu. Nikatoa ufunguo.

Kufuli halikufunguka. Siku sitini na moja za umande na mvua, ufunguo uliingia nusu ukakataa. Nikapiga kwa jiwe. Neji akapiga. Khemais, kwa mara ya kwanza bila methali, alikimbia kwake akarudi na kibuyu cha mafuta ya zeituni, tukayamimina ndani ya tundu la kufuli kama watu wanaomnywesha mgonjwa, tukasubiri, tukamimina tena. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini lilipoachia. Hema lilikuwa njiani. Tukang'oa nguzo mbili, tukaliangusha upande, hakuna aliyeitisha kura.

Halati Mbarka aliletwa kwa mkokoteni, amevaa vizuri kama anakwenda harusini, mguu umefungwa kanga ya zamani. Harufu ilifika kabla yake. Tukampandisha. Upepo ukawa mbaya, blanketi moja halikutosha, Neji akatazama huku na huku, kisha akakifungua kile kitambaa changu kwenye nguzo, akakikunja mara mbili, akamfunika nacho mama yake kuanzia miguuni. Neno KAZI lilikaa kifuani.

Halati Mbarka: Lasaad, mwanangu. Wamekubali? Naona mmefungua.

Nikasema: Bado, halati. Tumepumzika kidogo.

Halati Mbarka: Basi msikate tamaa.

Injini ikakohoa, ikashika. Na hapo Ami Tijani, bila mtu kumwambia, akasimama wima ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha bendera ya kijani kwa mkono ulionyooka kama fimbo, akashika saa kwa mkono mwingine. Kiberenge kikateremka kwenye mkato wa mlima. Kwa muda tulikiona kile kitambaa cheupe, halafu hatukukiona.

Mwalimu akaomba aelekezwe shule, Khemais akampeleka. Nikabaki mimi na Tiketi. Belgasem yuko mlangoni, redio imezimwa. Nilikuwa sijawahi kusikia stesheni ile bila redio.

Mimi: Ulijua.

Tiketi: Nilijua nini?

Mimi: Ami Tijani.

Alikunja bendera taratibu, kona kwa kona.

Tiketi: Miaka minne na miezi miwili haijapita. Wakaanza kuchukua mawe kwa malori, upande wa pili wa mlima. Ya mwisho ilikuwa kichwa kitupu, bila behewa. Dereva hakunipungia hata mkono.

Mimi: Na ukatuacha tukae.

Tiketi: Nilikuwa nakaa hapa na pilipili, Lasaad. Nyinyi mkaja kumi na mmoja, mna magodoro, mnasema mnasubiri treni. Ningewaambia nini? Mlikuwa mmekaa vizuri.

Nilitaka kumtukana. Watu wananijua kwa ulimi wangu, ningemvua kofia kwa maneno matupu. Badala yake nikajiuliza: kama angeniambia siku ya tatu, ningekwenda wapi? Nikarudi kukaa. Belgasem akapindua mdila juu ya mawe ya reli, mashapo yakatoka, akaugonga mara mbili.

Idhaa: Imekwisha.

Neji alirudi siku ya tano, peke yake. Hatukuwa tumesimamisha hema, wala hatukuwa tumelikunja. Tulikuwa benchini, wote, saa ya kila siku. Alikisimamisha kiberenge mbele yetu na kuzima injini, akashuka na kitambaa changu, kimefuliwa, kimekunjwa kama shuka la hospitali.

Methali: Mama vipi?

Neji: Wameukata. Chini ya goti.

Methali akakiweka chini kikombe chake.

Neji: Daktari ni kijana tu, rika letu. Ameniambia kidonda hiki mngekileta Septemba, Oktoba hata, tungekifunga bandeji akarudi nyumbani. Halafu akaniuliza: wiki zote hizi mlikuwa mnasubiri nini?

Idhaa: Ukamwambiaje?

Neji: Sikumwambia kitu. Nimeona swali si langu peke yangu, nimelileta kwa mwenyekiti.

Akakiweka kitambaa mapajani mwangu, akaenda kuketi kwenye ncha ya benchi alipokaa mwalimu. Kahawa ilikuwa tele siku hiyo, na vikombe vikapoa. Ilipotimia saa kumi Ami Tijani akaitoa saa yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.